Tusiilaumu Nia, Tuipangie Mahali na Saa

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Morogoro. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano, viongozi wa vikundi, mama zangu, baba zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti. Wakubwa wote, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi?

Nimeombwa nizungumze juu ya saikolojia na maisha yetu ya kila siku. Najua neno saikolojia likitajwa, wengi fikra zao zinakwenda hospitali. Leo sizungumzii wagonjwa. Nazungumzia watu wazima, wenye akili timamu na nia njema, ambao wanajua kabisa wanachotakiwa kufanya na bado hawakifanyi. Yaani karibu sisi sote tuliomo ukumbini humu.

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa hajui kuwa kuweka akiba ni jambo jema? Anyoshe mkono. Hakuna. Nani hajui kuwa chandarua kinakinga malaria? Hakuna. Nani hajui kuwa dereva anayekimbiza gari kwenye kona anacheza na roho za watu? Hakuna hata mmoja. Basi kama sote tunajua, kwa nini kila mwaka tunaitana kwenye semina tuambiane yale yale?

Ndugu zangu, tumezoea kuamini kuwa mtu asipofanya jambo jema ni ama hajui, ama hataki. Asiyejua tunamfundisha. Asiyetaka tunamgombeza. Na Mungu anajua tumefundishana, na tumegombezana! Tumewagombeza wanetu, tumewagombeza waume na wake zetu, na usiku tukilala tunajigombeza wenyewe: "Mimi sina msimamo. Mimi fedha hainikai."

Naomba leo tutazame sababu nyingine. Mtu anajua, tena anataka, ila jambo lenyewe limewekwa vibaya. Limewekwa siku isiyo yake. Limewekwa mahali pasipo pake. Au limeachwa mikononi mwa watu wengi mno, kila mmoja akidhani mwenzake atalishika. Watafiti wa tabia za binadamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na baadhi ya kazi zao nzuri kabisa hazikufanyika mbali. Zimefanyika kwa jirani zetu, kwa watu wanaolima mahindi kama tunavyolima na wanaocheza upatu kama tunavyocheza.

Twende Busia, magharibi mwa Kenya, mpakani na Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walifanya kazi na wakulima wadogo wa kule kwa misimu kadhaa. Wawili wa kwanza, pamoja na Abhijit Banerjee, walikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Wakati ule walichokuwa wanakihangaikia ni mbolea ya kukuzia. Waliijaribu kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, wakaona kuwa nusu kijiko cha chai kwa kila shimo la mahindi kinarudisha fedha yake na faida juu. Wakulima waliyaona mahindi kwa macho yao. Wakaulizwa: msimu ujao mtatumia mbolea? Karibu wote wakasema ndiyo.

Msimu ukafika. Waliotumia walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja.

Je, walidanganya? Walikuwa wavivu? Hawakuelewa somo? Walipoulizwa, wengi sana walisema wakati wa kupanda ulipofika fedha haikuwepo mkononi. Na ni kweli haikuwepo. Lakini baada ya mavuno ilikuwepo. Kati ya mavuno na kupanda kuna miezi, na katika miezi hiyo kuna harusi, kuna msiba, kuna bati la kumalizia nyumba, kuna mtoto anayehitaji viatu. Hakuna siku hata moja ambayo mkulima alikaa akaamua kuwa mbolea hainunuliwi. Ilisogezwa tu. Kesho, wiki ijayo, nikienda mjini.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tumezoea kuusema msemo huu juu ya tajiri na maskini. Ninawaomba mfikirie mtu mmoja: wewe wa mwezi wa Julai, ghala limejaa, na wewe yule yule wa Februari. Yule wa Julai anaamini kwa moyo wote kuwa wa Februari atakuwa na fedha. Hamjui.

Watafiti walifanya nini? Hawakuongeza semina. Walimtuma mtu apite nyumbani kwa mkulima mara tu baada ya mavuno, wakati fedha ipo, amwambie: ukilipia mbolea yako leo, kwa bei ile ile ya dukani, tutakuletea mpaka nyumbani wakati utakapoihitaji. Punguzo pekee lilikuwa safari ya kwenda mjini. Mkulima alikuwa huru kukataa, na wengi walikataa. Hata hivyo idadi ya waliotumia mbolea ilipanda kwa kati ya asilimia 47 na 70 kuliko wale ambao hawakutembelewa. Na sikilizeni hili: kwa wakulima wengine walisubiri mpaka wakati wenyewe wa kuweka mbolea ya kukuzia, wakawapa punguzo la nusu bei. Nusu bei! Matokeo yake yalikuwa karibu sawa na yale ya kupita mapema kwa bei kamili.

Nusu bei ikipatikana mwishoni ilifanya kazi sawa na kubisha hodi siku inayofaa. Hebu tulifikirie hilo, kwa sababu linatuhusu sisi wa vikundi kuliko mtu mwingine yeyote.

Sisi mavuno yetu ni lini? Ni siku ya kuvunja kikundi. Desemba, meza imewekwa katikati, mhasibu ana daftari, kila mtu anaitwa jina, anahesabiwa fungu lake, anatia saini, anaondoka. Siku ile kila mmoja wetu ni wa Julai. Kila mmoja anajua kuwa Januari kuna sare na madaftari, kuna michango ya shule, kuna kodi ya fremu, na kwa wakulima kuna mbegu. Anajua, na nia anayo. Halafu anatoka pale kwenda nyumbani, na kati ya meza ya mgao na Januari kuna Krismasi, kuna mwaka mpya, kuna ndugu waliotoka Dar.

Pendekezo langu ni jepesi. Siku ya mgao, muiteni fundi wa sare aje na sampuli zake, akae upande wa pili wa ukumbi. Muiteni mwenye duka la pembejeo. Muiteni anayesajili watu bima ya afya. Asilazimishwe mtu. Ila aliyesema mwezi wa Oktoba kuwa anataka kulipia bima aikute meza ya bima hatua kumi kutoka meza ya mgao, kabla hajafika kituo cha bodaboda.

Kuna mtu ataniambia, fedha ni ya mwanachama, mwacheni aende nayo. Nakubali kabisa. Ndiyo maana nasema meza, sisemi makato. Makato ni kumwamulia mtu. Meza ni kumsaidia afanye alichoamua mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, na viongozi wa vikundi naomba mnielewe vizuri hapo, maana ninachokisema kinaweza kugeuzwa na mtu mbaya kikawa mtego.

Sasa tuje kwenye kibubu. Nani hapa hajawahi kuwa na kibubu? Tumekitoboa kwenye mkebe, wengine tumekichongesha kwa fundi seremala. Basi mjue kuwa kibubu kimefanyiwa utafiti mkubwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Walioufanya ni Pascaline Dupas na yule yule Jonathan Robinson wa Busia, tena magharibi mwa Kenya, na waliowafuata ni wanachama wa vikundi 113 vya kupeana fedha kwa zamu. Lengo lilikuwa kuwasaidia watu waweke akiba ya afya: kununua vyandarua, kununua dawa ya kutibu maji, kuwa na chochote mtu akiugua.

Kundi moja walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo. Ufunguo wakakaa nao wenyewe. Kundi jingine walipewa sanduku lile lile, lakini ufunguo ulikaa kwa mfanyakazi wa mradi, na sanduku lilifunguliwa pale tu mwenye fedha anapokwenda kununua kitu cha afya. Ninyi ni watu wa fedha, mmekaa na fedha za watu miaka. Niambieni, sanduku lipi lilifanya kazi zaidi?

Nasikia wengi mnasema la pili. Ndivyo wengi wetu tungesema, kwa sababu tumeshajiamulia kuwa hatuna msimamo, lazima tufungwe. Baada ya mwaka mmoja, wale wenye ufunguo wao mkononi walikuwa wameongeza matumizi yao ya kinga ya afya kwa kati ya asilimia 66 na 75. Wale ambao ufunguo wao ulikuwa kwa mwingine, kwa wastani, hawakuongeza kitu cha kuonekana. Sababu ni kuwa watu waliogopa kuweka fedha mahali ambapo mtoto akizidiwa usiku hawataipata. Waliogopa kwa haki kabisa. Maskini anayekataa kufungiwa fedha yake ana hesabu kichwani kuliko anayemshangaa.

Lakini kama ufunguo unao mwenyewe, sanduku linakuzuia nini? Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Sanduku lile lilifanya mambo mawili. Liliipa fedha jina. Fedha iliyo mfukoni ni fedha tu, inakwenda popote inapoitwa. Fedha iliyo ndani ya sanduku la afya ni fedha ya afya, na mkono ukiifuata moyo unauliza. Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameeleza kwa kirefu namna sisi binadamu tunavyogawa fedha vichwani mwetu kwenye mafungu, ingawa shilingi ni shilingi. Jambo la pili linawahusu sana mama zangu. Sanduku lilimpa mtu jibu. Shemeji amekuja, anataka elfu kumi, na kweli anaona una elfu kumi. Kusema "sina" ni uongo. Kusema "sitaki" ni ugomvi wa ukoo. Lakini kusema "iliyopo ni ya dawa ya watoto, nimeshaiweka" ni ukweli, na wenye heshima wanauheshimu.

Utafiti ule ule uliwaangalia watu ambao wao ndio tegemeo la ukoo, wanaombwa kila siku na hawana wa kumwomba. Kila ukoo una mtu wa namna hii, na mara nyingi hasemi. Kwa watu hao, akaunti iliyofungwa kwa ajili ya ugonjwa tu ndiyo iliyowasaidia. Kwa hiyo viongozi, msitafute utaratibu mmoja wa kumvalisha kila mwanachama. Mama anayelea wajukuu na wadogo zake sita anahitaji kufuli ambayo mwenye boda wa umri wa miaka 25 haihitaji.

Na njia iliyoshinda zote? Ilikuwa ya kikundi. Wanachama walichanga kila wanapokutana, na kwa zamu mmoja akanunuliwa kifaa cha afya, anapewa chandarua mkononi badala ya noti. Hapo matumizi ya kinga yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Upatu wa vyombo mnaujua, upatu wa vitenge mnaujua. Chandarua kinaingia humo bila kubadilisha hata mstari mmoja wa katiba.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nakuomba subira, kwa sababu jambo linalofuata ndilo lililonitoa nyumbani.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila kiongozi wa kikundi angepaswa kulijua. Walimwita mwanafunzi wa chuo, wakamkalisha chumbani ajaze fomu. Akiwa anaandika, moshi unaanza kuingia kupitia tundu dogo ukutani. Mwingi, unazidi. Watafiti wanatazama kwa siri: atatoka kutoa taarifa?

Waliokuwa peke yao, watatu kati ya kila wanne walitoka wakasema. Ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Kisha wakabadilisha. Mwanafunzi akakaa na watu wawili ambao, bila yeye kujua, walikuwa wameelekezwa wasishtuke. Moshi unaingia, wanautazama, wanainua mabega, wanaendelea kuandika. Mnajua ni wangapi walitoka kutoa taarifa? Mmoja kati ya kumi. Tisa walibaki ndani ya moshi! Wakikohoa, wakifikicha macho, wakifungua dirisha, huku wanajaza fomu. Walipoulizwa baadaye, walisema walidhani ni mvuke, au ni hewa ya kiyoyozi. Hata pale wote watatu walipokuwa wanafunzi wa kweli, bila aliyeelekezwa lolote, vikundi vilivyotoa taarifa vilikuwa asilimia 38 tu.

Mtu mmoja alijua ni moshi. Watatu pamoja hawakujua. Inakuwaje watu watatu wajue kidogo kuliko mmoja? Ni kwa sababu kila mmoja alikuwa anasoma uso wa mwenzake. Mimi nakutazama wewe, umetulia, nasema kumbe hakuna neno. Wewe unanitazama mimi, nimetulia kwa sababu ya kukutazama wewe. Tumetulizana kwa uongo ambao hakuna aliyeutamka. Na juu ya hapo kila mmoja anafikiri: watu tuko wengi, mwingine atasema.

Sasa pandeni nami gari. Dereva anafukuzana na gari jingine, kona ya mlima, mvua inanyesha. Ndani kuna abiria, roho ziko mkononi. Nani anasema? Mnanyamaza kwa nini? Tunanyamaza kule, tunanyamaza hapa! Kila abiria anaogopa, na kila abiria anaona wenzake wametazama dirishani, anadhani wao hawaogopi. Konda akisikia sauti moja ya mama inasema "punguza mwendo", anamjibu "shuka upande lako". Sauti moja inazimwa. Sauti tano haziwezi kuzimwa. Tatizo ni nani awe wa kwanza.

James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walilijaribu hili Kenya kwenye matatu za masafa marefu. Walichukua zaidi ya magari elfu moja kwa kura, wakabandika ndani stika zenye maneno ya kuwahimiza abiria waseme dereva anapoendesha vibaya. Nyingine zilikuwa na picha za kutisha za ajali. Madereva waliozitunza waliingizwa kwenye bahati nasibu, ili wasizibandue. Halafu wakafuata kumbukumbu za bima, wakilinganisha na magari yasiyo na stika. Madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Yale ya majeruhi na vifo yalipungua kwa angalau nusu. Karatasi, ndugu zangu! Karatasi yenye gundi!

Watu walitilia shaka, na ilikuwa haki kushuku, maana matokeo makubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo si ya kawaida. Wakarudia kwa upana zaidi, kampeni ikaitwa Zusha!, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo ya magari zaidi ya 12,000. Safari hii madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi moja. Si makubwa kama mwanzo, lakini ni roho za watu, na wao wenyewe wanakadiria zilizookolewa kuwa kama 55.

Stika ile haikumfundisha abiria kitu. Alishajua. Ilimwambia jambo moja: kila aliyeketi humu anayasoma maneno haya haya, kwa hiyo ukisema, hutakuwa peke yako. Ilivunja ule uongo wa kutulizana.

Na sasa nawaomba mnivumilie, nasema kwa mapenzi. Vikundi vyetu vingi haviuliwi na wezi. Vinauliwa na moshi. Mhasibu anasoma taarifa, namba hazikai vizuri, watu kumi na wanane wameona, mwenyekiti anauliza "Kuna swali?", kimya. "Basi tuendelee." Kila mmoja anatazama uso wa jirani. Miezi mitatu baadaye fedha haipo, na kila mtu anasema, "Mimi niliona mapema." Uliona! Kumi na wanane waliona!

Msiulize tena "Kuna swali?" Swali lililoelekezwa kwa wote halina mwenyewe. Kila mkutano, kwa zamu, teueni wanachama wawili ambao kazi yao siku hiyo ni kuuliza. Wakae mbele. Waandikwe kwenye muhtasari kwa majina. Akiuliza, si mgomvi, si mbeya, hana kinyongo na mhasibu: ni zamu yake. Na mhasibu mwaminifu atafurahi kuliko wote, kwa sababu leo hii mhasibu mwaminifu na mwizi wanapigiwa makofi yale yale.

Hali kadhalika barabarani. Mtu ameanguka, watu wamezunguka, simu zimetolewa kupiga picha. Usipaze sauti kusema "jamani saidieni". Mnyoshee mtu mmoja kidole: wewe kaka mwenye shati la bluu, piga simu. Wewe dada, nishikie kichwa chake. Ukimtaja mtu, umempa kazi, na watu waliopewa kazi huifanya.

Wakati wa chai mama mmoja aliniuliza swali zuri, nikamwahidi kumjibu mbele ya wote. Alisema: mwalimu, hizi tafiti si za Wazungu? Wametupima sisi?

Ameuliza jambo ambalo wanasaikolojia wenyewe walichelewa kujiuliza. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kuwa sehemu kubwa mno ya tunachokiita elimu ya binadamu imetokana na watu wa nchi chache tajiri za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa chuo. Nitawapa mfano mmoja. Kuna jaribio maarufu: mtoto wa miaka minne anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa akisubiri bila kula ataongezwa cha pili. Bettina Lamm na wenzake wakalifanya kwa watoto wa Ujerumani na watoto wa kabila la Nso, wakulima wa Kamerun. Wanso waliwekewa kitumbua cha kwao. Watoto wa Kijerumani waliosubiri mpaka mwisho walikuwa asilimia 28. Watoto wa Nso, karibu asilimia 70. Wengine walijisinzilia pale mezani wakisubiri. Mama zao, wanaoambiwa kila siku kuwa hawajui malezi, walikuwa wamelea watoto wenye subira ambayo vitabu havikuitarajia.

Na jambo jingine la kweli: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia. Zilizotoa tena matokeo ya kueleweka zilikuwa kama 36. Kwa hiyo mtu akiwajia na kitabu cha siri saba za ubongo, mpeni maji, mpeni kiti, na msimpe fedha. Hata haya ya kwangu msiyabebe hivi hivi. Hapa mko vikundi vingi. Pigeni kura: nusu waweke meza ya bima siku ya mgao, nusu wasiweke. Nusu wateue waulizaji, nusu wabaki na "Kuna swali?" Desemba ijayo tulete madaftari tulinganishe. Hicho ndicho walichokifanya Busia, na ninyi mnaweza, maana kuandika mnaandika kila wiki.

Limebaki moja, na hili ni la mtu binafsi. Uingereza, mwaka 2002, watafiti waligawa wanafunzi katika makundi matatu, lengo likiwa wafanye mazoezi angalau mara moja katika wiki moja. Kundi la kwanza waliachwa tu: asilimia 38 wakafanya. La pili walipewa maelezo mazito juu ya ugonjwa wa moyo, wakaelewa, nia ikapanda: asilimia 35. Somo halikuongeza kitu! La tatu walipewa maelezo yale yale, kisha wakaombwa waandike siku gani, saa ngapi, mahali gani. Asilimia 91 walisema wamefanya. Mjerumani Peter Gollwitzer ndiye aliyeuchunguza sana mpango wa namna hii: "ikitokea hivi, nitafanya vile." Nikishatoa hesabu ya genge jioni, kabla sijafunga, naweka elfu mbili kwenye kibubu. Nikishamaliza swala ya asubuhi, nameza dawa yangu ya presha.

Na mtu asikudanganye kuwa tabia mpya inakaa kwa siku 21. Walipopimwa watu huko London, wastani ulikuwa kama siku 66, wengine 18, wengine ilikadiriwa ingefika 254. Ukiruka siku moja hujaharibu, endelea kesho yake.

Kwa hiyo tusiagane kwa makofi. Katibu anapitisha karatasi na kalamu. Kila mmoja amgeukie jirani yake, hasa jirani wa kikundi kingine. Mwambie jambo moja, moja tu, ambalo umelisogeza tangu mwaka jana. Jirani akuulize: siku gani? Saa ngapi? Mahali gani? Baada ya kufanya nini? Ukijibu "mungu akipenda wiki ijayo", asiandike, akuulize tena. Ukishasema, jirani ndiye aiandike, aweke na namba yake ya simu juu ya karatasi, akupe. Jioni ya siku uliyoitaja, yeye ndiye atakayekupigia.

Mna dakika kumi, kisha mwenyekiti anaendelea na ajenda. Wazee waliokaa kule nyuma wasiachwe bila jirani. Vijana wa mlangoni, sogeeni mkae nao.